Kitenzi "Kugundua" na Tishio la Nyuklia: Uchambuzi wa Sentensi Moja ya Mwaka 2003

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza sentensi moja tu. Tarehe 28 Januari 2003, katika hotuba yake ya mwaka kwa Bunge la Marekani, Rais George W. Bush alieleza kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imegundua kuwa Saddam Hussein alitafuta kiasi kikubwa cha urani kutoka Afrika. Majuma saba baadaye vita vya Irak vilianza. Sentensi hiyo haikuwa sababu pekee ya vita, lakini inaonyesha namna sarufi inavyoweza kubeba dai ambalo ushahidi wake ni hafifu.

2.0 Uzito wa kitenzi

Vitenzi kama -sema na -dai hutaarifu tu. Vitenzi kama -jua, -tambua na -gundua huchukulia kwamba jambo linalofuata ni la kweli. Kipimo chake ni ukanushi. Linganisha:

(1) Serikali haikudai kwamba Irak ilitafuta urani.
(2) Serikali haikugundua kwamba Irak ilitafuta urani.

Sentensi (1) haituelezi kama urani ilitafutwa au la. Katika (2) jambo lenyewe limebaki palepale kama ukweli. Kilichokanushwa ni ujuzi wa serikali. Kitenzi alichokitumia Rais kwa Kiingereza ni cha kundi hili la pili. Tena alikiweka kinywani mwa serikali nyingine, hivyo uzito wa ukweli ukabaki Washington na dhamana ikahamia London.

Mfasiri wa habari kwa Kiswahili hapa yumo mashakani. Akiandika "imegundua" amelirithi dai zima. Akiandika "inadai" ameibadili kauli ya msemaji. "Inasemekana" nayo si kimbilio, kwani kauli ya kutendeka humwondoa mtenda, na msomaji hana wa kumuuliza. Mazungumzo yana "eti", ambayo humtenga msemaji na dai barabara, ila kejeli yake haivumiliki katika maandishi rasmi. Kwa maoni yetu afadhali kuhifadhi tabaka zote mbili ("Rais alisema kwamba Uingereza imegundua..."), kisha kueleza hali ya ushahidi katika sentensi inayofuata.

Neno "Afrika" nalo lina kazi yake. Nchi ina serikali inayoweza kuulizwa, bara halina. Hati zilizokuwa zikizungushwa zilihusu Niger, na tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hati hizo hazikuwa halisi. Julai mwaka huohuo George Tenet, mkuu wa ujasusi wa Marekani, alikiri kuwa sentensi ile haikupasa kuwamo katika hotuba. Ni haki kuongeza kwamba ripoti ya Lord Butler ya mwaka 2004 iliitetea kauli ya Uingereza kwa kutegemea taarifa nyingine. Lakini hata ripoti hiyo ilitofautisha kutafuta urani na kuinunua.

3.0 Maslahi ya nani?

Septemba 2002 Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa taifa, alionya kwamba atakayesubiri ushahidi wa mwisho huenda akauona ukija kama wingu la umbo la uyoga. Kwa hoja hiyo, kudai ushahidi kwenyewe kunageuzwa kuwa hatari kwa maslahi ya taifa. Kiunganifu "ya" katika fungu hilo huonyesha umiliki bila kumtaja mmiliki: je, ni askari anayepelekwa, mlipa kodi, au mwenye kiwanda cha silaha?

Shaka hii isichanganywe na mazoea ya kukana kila kitu. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991, wakaguzi walikuta mpango wa nyuklia wa Irak ukiwa mkubwa kuliko ulivyodhaniwa. Wakaguzi wa shirika lilelile waliporudi mwishoni mwa 2002 hawakuona dalili kwamba umefufuliwa, na mwaka 2004 ripoti ya Charles Duelfer, iliyoandaliwa kwa ajili ya Marekani yenyewe, ilithibitisha kwamba mpango huo ulikoma mwaka 1991.