Redio na chaja zimezima pamoja

Swali: Fundi, Probox yangu inawaka vizuri, lakini redio na soketi ya kuchajia simu zimezima kwa pamoja. Nianzie wapi? Msomaji, Masinga.

Jibu: Usifungue redio kwanza. Vikizima pamoja, mara nyingi fyuzi ni moja. Soma kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, utafute CIG au ACC. Weka ufunguo kwenye ACC, kisha gusa ncha zote mbili za fyuzi kwa taa ya kupimia. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imeungua. Isipowaka kokote, shuku swichi ya ufunguo au rilei.

Kabla ya kuweka mpya, chungulia soketini: sarafu iliyodondokea humo huunguza fyuzi papo hapo. Na tafadhali sana, penye ampea 15 usiweke 30, wala kipande cha waya. Nyaya za ndani zitashika moto.