Lenzi Moja ya Kila Kazi: Angalia Mwanga Kwanza

Wengi mnaohamia kamera za fulfremu mnaniuliza swali moja: "Dada, ninunue lenzi moja inayozumu toka karibu hadi mbali, au nijikusanyie mbili tatu?" Kabla hujatoa hela, niambie huwa unapiga picha wapi na saa ngapi. Jibu langu linategemea hapo.

Tuchukue Canon RF 24-240mm, iliyotoka mwaka 2019. Ina uzito wa gramu 750. Ukizitaka zumu za f/2.8, utabeba 24-70mm na 70-200mm, ambazo kwa pamoja zinakaribia kilo mbili, na bei yake unaijua. Kwa anayekwenda Serengeti wakati wa kiangazi, lenzi moja ni msaada mkubwa. Twiga anapita ubavuni mwa gari, chui amelala juu ya mti kule mbali, nawe wapata wote wawili bila kubadilisha lenzi na kuikaribishia sensa vumbi. Kama kazi yako ni safari, masoko au mechi za mchana, inunue kwa moyo mweupe.

Wasiwasi wangu ni kwenu mnaopiga sendofu na harusi za usiku. Lenzi hiyo inaanza na f/4, lakini unapozumu tundu linazidi kuwa dogo, na hata kabla hujafika nusu ya masafa yake uko kwenye f/6.3. Hapo unapata takriban sehemu moja ya tano ya mwanga wa f/2.8. Mwenzako akiwa ISO 1600, wewe utahitaji kama 8000, na chengachenga zitaonekana kwenye gauni la bibi harusi na kwenye nyuso za wageni. Usidanganyike na kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hiyo. Kinatuliza mkono wako tu. Maharusi wakicheza, kinachowagandisha ni spidi ya shata, nayo inataka mwanga.

Jingine la kujua: kwenye 24mm lenzi hii hupinda mistari na kutia giza kwenye pembe, kisha kamera inarekebisha yenyewe. Ukihariri faili ghafi, hakikisha programu yako nayo inafanya marekebisho hayo.

Kwa mwenye mfuko mdogo na kazi za mchanganyiko, ushauri wangu ni huu: nunua zumu hiyo, kisha ongeza 50mm f/1.8. Ina gramu 160 tu, ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za mfumo huo, na inaingiza mwanga mara 12 ya f/6.3. Jioni ikiingia, badilisha. Lakini kama ukumbi ndio unaokulisha, anza na 24-70mm f/2.8, hata iliyotumika, na masafa marefu yasubiri.

Bado huna uhakika? Fungua picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta. Kila moja imehifadhi milimita na ISO uliyotumia. Ukikuta nyingi ni za ISO ya juu, usinunue masafa, nunua mwanga. Ukikuta nyingi ni za juani na umezikata kumsogeza mtu karibu, lenzi yako ni hiyo moja ndefu. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani, wadogo zangu, maana fedha hiyo mmeitafuta kwa jasho.