PETE YA MFALME: YUSUFU, ESTA NA DANIELI

Chukueni Biblia mweke alama mahali patatu: Mwanzo 41, Esta 6 na Danieli 2. Kila mahali mtamkuta mfalme mkuu aliyesumbuliwa usiku. Farao anaota ng'ombe na masuke. Nebukadreza anafadhaishwa na ndoto. Ahasuero anakosa usingizi, anasomewa kitabu cha kumbukumbu, na humo anakuta kwamba Mordekai aliwahi kumwokoa asiuawe, wala hakupewa thawabu. Kwa usiku wa namna hiyo watu wa ugenini, wasio na jeshi, walifunguliwa mlango wa kupanda cheo.

Tena, kila mmoja ana jina la pili: Yusufu ni Safenath-panea, Danieli ni Belteshaza, na Esta ni Hadasa. Kwa Kiebrania hata sentensi zinafanana. Yakobo anapomwachia Benyamini aende Misri anakubali kufiwa, ikibidi. Esta anapokwenda kwa mfalme bila kuitwa anakubali kuangamia, ikibidi. Kauli hizo mbili zimejengwa kwa namna moja (Mwanzo 43:14, Esta 4:16).

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, wanachuo walipenda jibu fupi: kuwa mwaminifu, utapandishwa cheo. (Walimu, bila shaka, walikuwa na sababu ya kulipenda.) Lakini itazameni pete. Farao anaivua mkononi mwake na kumvika Yusufu. Ahasuero anampa Hamani kwanza, naye Hamani anatia nayo muhuri barua za kuwaua Wayahudi wote; baadaye pete ile ile anapewa Mordekai (3:10; 8:2). Dario naye anaitumia yake kutia muhuri jiwe la tundu la simba, na ndani yumo Danieli, ambaye alishinda mpaka jua kuchwa akitafuta njia ya kumwokoa. Mkono wowote iliovikwa, pete ilibaki ya mfalme.

Nayo ilifanya kazi gani? Mwanzo 47:13-26 ni mafungu tunayoyaruka upesi. Katika njaa Wamisri walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba na nafsi zao. Tangu hapo sehemu ya tano ya mavuno ikawa ya Farao. Aliyeyapanga hayo ni Yusufu, na wakati huo ndugu zake walikuwa wamekwisha kupewa ardhi nzuri. Hata kitabu cha Esta, baada ya shangwe ya kuokoka, kinatuambia katika 10:1 kwamba Ahasuero alitoza kodi nchi na visiwa.

Kwa darasa la Biblia lijalo, someni Mwanzo 47 yote, kisha Kutoka 1:8-14, ambapo anatawala mfalme asiyemjua Yusufu, na watumwa sasa ni Waisraeli. Njoni mseme mnaonaje: je, mwandishi anamsifu Yusufu kwa kazi ile, au anatuachia sisi tuipime?