Ukikimbia Garissa, Hesabu Safari ya Kurudi

Msomaji, kama kazi imekuhamishia Garissa kutoka Nairobi, Nakuru au Eldoret, na wewe ni mtu wa mazoezi, bila shaka utaifurahia nchi utakayoikuta. Ardhi ni tambarare na hakuna kilima cha kukukata pumzi. Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapita kando ya mji, na kwenye kingo zake kuna mashamba ya ndizi, maembe na matikitimaji yenye vijia vya kupendeza. Tena mji huu uko kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,700. Utajiambia kuwa hewa ni tele na hapa utakimbia kama swara.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Katika nchi tambarare yenye joto, usiulize unaweza kwenda umbali gani. Uliza utarudi vipi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mgeni anayetoka nyumbani saa moja asubuhi. Anashika barabara ya lami, upepo uko mgongoni, mwili ni mwepesi. Anakwenda kilomita 8 akiwa na chupa moja ya maji. Anapogeuka, jua limepanda, chupa ni tupu, hakuna mti wala duka karibu, na kilomita 8 bado zinamngoja. Kwenye milima miguu ingemwonya mapema. Tambarare haikuonyi, na unapoanza kuchoka tayari uko mbali.

Joto linatoka wapi?

Misuli inapofanya kazi, takriban robo tatu ya nguvu inayotumia hugeuka kuwa joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho, lakini jasho hupoza tu linapokauka juu ya ngozi. Garissa, ambako hewa huwa kavu, jasho hukauka upesi hata mtu akadhani hajatoka jasho. Chumvi nyeupe kwenye fulana ndiyo itakayomwambia ukweli.

Mchana joto la Garissa mara nyingi hupita digrii 35, hasa Februari na Machi. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, haikupozi tena bali inakuongezea joto. Wakati huo moyo unapaswa kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa pamoja, na maji ya mwili yanazidi kupungua.

Hata mabingwa hushindwa. Katika mashindano ya dunia ya riadha huko Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na saa sita usiku ili kulikwepa jua. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda, lakini kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza.

Uzoeze mwili kwanza

Mwili unaweza kujifunza joto, ila unahitaji siku 10 hadi 14. Katika muda huo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na chumvi inayopotea hupungua. Siku za kwanza tembea na kukimbia polepole kwa dakika 20 au 30 tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukirudi Nairobi kwa mwezi mzima, mazoea hayo hupotea. Ukifika tena Garissa, anza upya.

Panga njia yako

Kwanza, usikimbie kwenda mbali, bali zunguka. Chagua mzunguko wa kilomita 2 au 3 unaopita nyumbani au dukani, ambako umeweka maji. Ukizunguka mara kadhaa umefika umbali uleule wa anayekwenda mbali, ila wakati wowote uko karibu na kivuli na watu.

Pili, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu. Anza kunapopambazuka na uwe umemaliza kabla ya saa moja na nusu.

Tatu, angalia upepo. Ukikusukuma kutoka nyuma kwa kasi ileile unayokimbia, ni kama hewa imesimama, na jasho halikauki vizuri. Toka upepo ukiwa mgongoni, urudi ukikupiga usoni, kwani mwisho wa mazoezi ndipo unapohitaji kupozwa zaidi.

Nne, uheshimu mto. Kiboko hula nyasi usiku na kurudi majini alfajiri. Ole wake anayesimama kati yake na maji. Mamba nao hujificha ukingoni. Kwa hiyo saa ya kwanza tumia barabara, na vijia vya mashambani uviache hadi kupambazuke kabisa, tena uende na mwenyeji. Usishuke majini kujipoza, wala usinywe maji ya mto bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

Kumbuka pia kwamba Tana huweza kufurika hata kama Garissa haijanyesha tone, kwa sababu maji hutoka nyanda za juu na kupitia mabwawa kama Masinga na Kiambere. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliikata barabara kuu kati ya Garissa na Madogo. Ukisikia onyo la mafuriko, kaa mbali na kingo.

Tano, vaa viatu vya soli ngumu, kwani miiba ya mathenge hupenya soli laini. Nguo ziwe pana, nyepesi na za rangi isiyoiva. Hizo hufaa kwa joto na kwa adabu za mji. Kabla ya kutoka nje ya mji, waulize wenyeji na polisi kuhusu usalama wa njia, na mwambie mtu utarudi saa ngapi.

Maji kiasi gani?

Jipime uzani kabla na baada ya kukimbia. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzani wako, hukunywa ya kutosha. Lakini ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umezidisha, na maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kuua. Kunywa kwa kadiri ya kiu, na ukikimbia zaidi ya saa moja, jaza chumvi kwa chakula au kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda misuli imeumia na figo ziko hatarini.

Usikimbie ukiwa na homa au unaharisha. Miraa huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili, hivyo usichanganye miraa na mbio. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo, au mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari, amwone daktari kwanza. Mwenye kufunga Ramadhani afanye mazoezi mepesi baada ya kufuturu, jua likiwa limezama.

Dalili na huduma ya kwanza

Kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na misuli kukaza ni ishara za kuzidiwa na joto. Acha kukimbia, kaa kivulini, jimwagie maji, kunywa polepole.

Lakini mkimbiaji akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kugomba bila sababu au kuanguka, hicho ni kiharusi cha joto. Usidanganywe na ngozi yenye jasho. Mkimbiaji aweza kufa akiwa bado anatoka jasho. Hapo kila dakika ina thamani, na kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye.

Mlaze kivulini na mvue nguo za juu. Kama kuna karai kubwa au pipa, mtumbukize ndani ya maji baridi hadi shingoni huku mkimshika kichwa. Kama hakuna, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo, mpepeeni kwa nguvu, na mwekeeni vitambaa vilivyolowa shingoni, kwapani na kinenani. Mwenzenu mmoja atafute gari wakati huo. Msimpe kitu mdomoni ikiwa fahamu zimepotea, wala msimpe aspirini au panadol, kwa kuwa hazishushi joto la aina hii. Endeleeni hadi apate fahamu au aanze kutetemeka, kisha mpelekeni hospitali hata akisema amepona.

Mara nyingi watu humbeba mgonjwa mbiombio na kumtia katika gari lenye joto, wakidhani wamemwokoa. Dungu moja la maji lililokuwa karibu lingemfaa zaidi. Basi kabla ya kufunga kamba za viatu, jiulize maji yako wapi, na nani atakuwa karibu nawe wakati wa kurudi.