TUJIFUNZE FANI: JAMBAZI MMOJA, SURA MBILI

Mwalimu anapouliza swali la fani, wengi wetu huorodhesha tashbihi, takriri na methali, kisha tukaweka kalamu chini. Ati fani ni mapambo tu, maudhui ndiyo mambo yenyewe! Hebu leo tulipime wazo hilo kwa kutumia sinema.

Sinema yenyewe ni The General, yaani "Jenerali", iliyotoka mwaka wa 1998. John Boorman aliiandika, akaiongoza na kuitayarisha mwenyewe huko Ireland, mbali na studio kubwa za Hollywood. Mwaka uo huo alipata tuzo la mwongozaji bora katika tamasha la Cannes, Ufaransa.

Maudhui
Hadithi ni ya Martin Cahill, jambazi wa Dublin aliyeishi kweli. Mwaka wa 1986 genge lake liliiba picha 18 za thamani kubwa kutoka jumba la Russborough, Wicklow. Tarehe 18 Agosti 1994 alipigwa risasi garini mwake, akafa. Siku za mwizi, jamani, ni arobaini.

Brendan Gleeson, anayemwigiza, anamfanya mcheshi. Anaficha uso kwa kiganja. Wenzake wakienda kuiba, yeye huyo kituoni kwa polisi, ili askari wenyewe wawe mashahidi wake! Unacheka. Kisha mtu yuyo huyo anampigilia mwenzake misumari mikononi juu ya meza ya kuchezea, kwa kumshuku tu. Kicheko kinakwama kooni.

Fani
Kwanza, mbinu rejeshi. Sinema inaanza na kifo cha Cahill, halafu inarudi nyuma. Basi hatuulizi, "Je, atashikwa?" Tunauliza, "Alifikaje hapa?"

Pili, kinaya. Cahill aliwahi kuiba nyumbani kwa Boorman mwenyewe, akachukua sahani ya dhahabu aliyotuzwa kwa muziki wa filamu yake ya awali, Deliverance. Kisa hicho kimo ndani ya sinema, na mwizi anagundua kuwa sahani si ya dhahabu. Vyote ving'aavyo si dhahabu! Ajabu ni kwamba aliyeibiwa hakumchora mwizi wake kama shetani mtupu.

Tatu, na hapa ndipo penye somo letu, ni rangi. Boorman alipiga picha kwa filamu ya rangi, lakini kumbi za sinema zilionyesha nakala nyeusi na nyeupe. Ilipotolewa kwa kutazamwa nyumbani, matoleo mengine yalikuwa na rangi zilizofifishwa. Maneno ni yale yale, waigizaji ni wale wale. Je, ni kazi moja au mbili?

Kwa maoni yangu, ni mbili. Katika nyeusi na nyeupe, damu si nyekundu. Ni doa jeusi. Dublin inaonekana kama mji wa zamani, nasi tunakaa mbali kidogo, tukipima matendo. Rangi ikirudi, hata iliyofifia, mambo yanakuwa karibu kama ya jirani. Ni rahisi zaidi kuchukuliwa na ujanja wa Cahill na kusahau yule mwenye misumari mikononi. Rangi ikibadilika, hukumu yetu nayo inayumba.

Hili si dogo. Vijana wengi hutazama majambazi wa sinema na kutoka wakiiga mwendo wao. Anayejua fani hujiuliza: nimempenda mtu huyu kwa matendo yake, au kwa jinsi nilivyoonyeshwa?

Zoezi
1. Eleza tofauti kati ya mhusika anayevutia na mhusika mwema.
2. Kwa nini mwandishi aanze hadithi kwa kifo? Toa sababu mbili.
3. Chukua hadithi uliyoisoma darasani. Badilisha msimulizi, kisha eleza ni nani sasa unayemhurumia.

Kiswahili kitukuzwe!