Mchanga Mzito wa Kwale

Apepetaye mpunga ajua kwamba makapi hupeperuka na punje husalia ungoni. Ndivyo vilima vya mchanga vya Maumba na Nguluku, Kwale, vilivyopata madini yake. Mvua ilimomonyoa miamba ya bara, mito ikakokota mchanga hadi pwani. Mawimbi na upepo vikachukua ulio mwepesi, mzito ukabaki.

Madini yenyewe ni matatu. Ilmenaiti, nyeusi, yenye chuma na titani, huvutwa na sumaku yenye nguvu. Rutili, yenye titani pia, hupitisha umeme. Zirkoni haina tabia hizo mbili. Hutumika katika vigae. Titani ndiyo itiayo weupe katika rangi za kupaka nyumba.

Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mwaka 2013. Shehena ya kwanza ilipakiwa Likoni mwaka 2014. Desemba 2024 kazi ilikoma, kwa kuwa mchanga wenye madini ya kutosha ulikwisha.

Mchanga uliooshwa mitamboni umepoteza udongo wa mfinyanzi, na huo ndio ushikao maji. Basi palipomwagwa mchanga huo, sharti kwanza urudishiwe udongo na samadi, ndipo upandwe mkorosho.