Bibi Aliyetoweka Katika Sinema



Juzi hapa Kurasini tulitazama filamu katika banda la video. Bibi kizee alisimama chini ya mbuyu. Mara, hayupo! Watu wakapiga kelele. Jirani yangu akasema, "Mnaona? Hata kamera imemnasa mchawi." Mimi sikucheka. Katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa tu. Basi leo tusome jinsi bibi yule alivyotoweka.

Sinema ni picha nyingi zilizosimama. Zinapita upesi, kwa kawaida 24 kwa sekunde moja, na macho yetu yanaona mwendo. Jaribu mwenyewe. Chukua daftari. Pembeni mwa kila ukurasa chora mtu, na kila mara mkono wake upande kidogo. Kisha ziachie kurasa haraka kwa kidole gumba. Mtu wako anapunga mkono!

Sasa bibi. Mpiga picha anasimamisha kamera. Waliobaki wanaganda kama walivyo. Bibi anaondoka zake, anakwenda kunywa chai. Kamera haisogezwi hata kidogo. Inawashwa tena. Wewe unaona bibi katoweka.

Mfaransa Georges Méliès, mfanya mazingaombwe, alitumia mbinu hii mwaka 1896. Mwenyewe alisimulia kwamba kamera yake ilikwama akipiga picha barabarani mjini Paris. Alipotazama filamu, gari la abiria likageuka gari la maiti!

Baadaye watu walisimamisha kamera kila baada ya picha moja. Hapo hata mwanasesere hutembea. Katika filamu ya Marekani ya King Kong, mwaka 1933, lile sokwe la kutisha lilikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi, mifupa ya metali, manyoya ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walilisogeza kidogo, picha moja. Kidogo tena, picha nyingine. Dakika moja ya sinema ni picha 1,440! Kupalilia mpunga ni afadhali. Siku hizi kompyuta zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini kumtowesha bibi bado ni rahisi vilevile.

Nilimwonyesha jirani yangu kwa simu. Nikampiga picha mwanawe mlangoni, nikasimamisha, mtoto akatoka, nikaendelea. Mama akatazama mara tatu. Kisha akauliza, "Na yule bibi wa mbuyu, walimlipa shilingi ngapi?"